Mlango wa Majaribio

Hakuna kazi ya mikono inayokamilika siku ile ile itokapo mikononi mwa fundi. Fundi wa jahazi hushua chombo chake majini, akatazama mahali maji yapenyapo, kabla hajamkabidhi nahodha. Mshonaji humvika mteja kanzu ikiwa bado ina nyuzi za muda, akaipunguza hapa na kuiongeza pale. Mpishi naye huonja mchuzi kabla ya kupakua. Jaribio ni daraja kati ya nia ya fundi na haja ya mtumiaji. Kazi isiyovuka daraja hilo yaweza kuwa fahari machoni pa aliyeitengeneza, na balaa mikononi mwa aliyeinunua.

Programu za simu za mkononi haziepukani na kanuni hii. Lakini jaribio lake lina shida ambayo fundi wa jahazi hakuijua. Jahazi hujaribiwa mahali pamoja, mbele ya macho ya aliyelijenga. Programu ya simu haina budi kujaribiwa na watu walio mbali, katika simu za namna mbalimbali, kwa mitandao yenye nguvu na mitandao dhaifu, na mikono ya watu wasiomjua mtungaji wala asiowajua yeye. Basi kabla ya kuuliza kama programu ni njema au mbaya, huzuka swali la kwanza: toleo la majaribio litafikaje katika simu ya mjaribu? Nani atalichukua, kwa njia gani, na kwa idhini ya nani?

Swali hili laonekana dogo, mfano wa swali la mtu anayechagua tarishi wa kupeleka barua. Makala haya yataeleza historia yake toka mwaka 2008 hadi mwaka 2025, na msomaji ataona kwamba kuchagua huduma ya kusambaza matoleo ya majaribio si shauri la bei na urahisi peke yake. Ni shauri la kujua mlango ni wa nani, na ufunguo umo mfukoni mwa nani.

Tarehe 10 Julai, 2008, kampuni ya Apple ya Marekani ilifungua duka lake la programu, App Store, likiwa na programu 500 hivi. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule ilitoka sokoni simu ya kwanza yenye mfumo wa Android, na pamoja nayo duka la Google lililoitwa wakati huo Android Market. Maduka haya mawili yalifanana kwa sura, lakini yalitofautiana kwa sheria. Katika Android, mwenye simu aliweza kutoa ruhusa kwa mkono wake mwenyewe, akapokea faili la programu kutoka kwa mtu yeyote na kuliweka. Katika iPhone haikuwa hivyo. Hakuna programu iliyoweza kuamka ndani ya simu ile ila iwe imetiwa sahihi kwa cheti kilichotolewa na Apple. Mwenye simu alikuwa na simu, bali hakuwa na neno la mwisho juu ya kinachoingia ndani yake.

Apple haikuwanyima watungaji njia ya kujaribu kazi zao. Iliwapa, lakini njia yenyewe ilikuwa nyembamba. Aliyelipa ada ya dola 99 kwa mwaka aliruhusiwa kusajili vifaa 100 tu vya majaribio katika mwaka huo. Kila kifaa kilikuwa na nambari yake ya utambulisho, yenye herufi na tarakimu 40. Mtungaji alimwomba mjaribu aiunganishe simu na kompyuta, aitafute nambari hiyo, ainakili bila kukosea hata herufi moja, na kumpelekea kwa barua pepe. Kisha mtungaji aliiandika nambari katika daftari la Apple, akapokea hati ya ruhusa, akaitia sahihi programu yake, akapeleka faili pamoja na hati. Mjaribu aliviingiza vyote viwili katika programu ya iTunes, akaunganisha tena simu kwa kebo, akangoja. Kosa likionekana na kurekebishwa, safari ilianza upya. Na nafasi ya kifaa kilichosajiliwa haikurudi hata kifaa hicho kikifutwa katika orodha, mpaka mwaka wa ada uishe.

Yafaa kutambua jambo moja katika hali hii. Mzigo mkubwa haukuwa wa mtungaji bali wa mjaribu, ambaye hakulipwa kitu. Alikuwa mgeni aliyeitwa kutazama nyumba, akaambiwa kwanza abebe mawe ya msingi. Waungwana wengi walikubali mara ya kwanza, wakachoka mara ya pili, na mara ya tatu hawakujibu barua. Kwa hiyo programu nyingi za siku zile ziliingia sokoni zikiwa zimejaribiwa na marafiki wachache tu wa mtungaji, watu ambao aghalabu husifu kuliko wanavyokosoa.

Mwezi wa Juni 2010 Apple ilitoa mfumo wa iOS 4, na ndani yake mlikuwa na njia mpya: programu yenye hati halali iliweza kuingizwa katika simu kwa kugusa kiungo katika ukurasa wa mtandao, bila kebo wala kompyuta. Njia hii ilikusudiwa makampuni yanayowagawia watumishi wao programu za kazi. Lakini mafundi wana macho, na mara waliona kwamba mlango uliofunguliwa kwa ajili ya makampuni unaweza kupitisha pia matoleo ya majaribio. Nchini Ujerumani, Andreas Linde alitunga HockeyKit, zana huru ambayo mtungaji yeyote aliweza kuiweka katika seva yake mwenyewe. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa huduma ya HockeyApp, iliyoendeshwa na kampuni ndogo ya Bit Stadium ya mjini Stuttgart. Nchini Marekani Benjamin Satterfield na Trystan Kosmynka waliianzisha TestFlight, ambayo baadaye ilikuwa chini ya kampuni ya Burstly ya Santa Monica, California.

TestFlight ilipendwa upesi, na sababu yake ni dhahiri. Mjaribu alipokea barua pepe, akagusa kiungo, na simu yenyewe ikatoa nambari yake ya utambulisho bila mtu kuinakili. Toleo jipya lilipotoka alipata habari, akagusa tena, akawa nalo. Mtungaji aliona katika ukurasa mmoja nani ameweka toleo, nani hajaliweka, na mahali gani programu ilizimika ghafla. Na huduma yote ilikuwa bure. HockeyApp ilitoza ada, na wako waliouliza kwa nini mtu alipe Stuttgart kitu kinachotolewa bure California. Tutalirudia swali hilo.

Mjini Boston, mwaka 2011, Wayne Chang na Jeff Seibert walianzisha Crashlytics. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukusanya habari za programu zinazozimika mikononi mwa watumiaji na kumweleza mtungaji mstari wenye kosa. Baadaye iliongeza njia ya kusambaza matoleo ya majaribio, kwa maana mwenye kujua ugonjwa hutaka pia kupeleka dawa. Hivyo ndani ya miaka mitatu tangu iOS 4, mtungaji aliyekuwa hana hata njia moja nzuri alikuwa na njia kadhaa za kuchagua. Enzi hiyo ilikuwa ya ukunjufu, na wengi walidhani itadumu.

Walakini katika ukunjufu huo kulikuwa na jambo lililofichika. Huduma hizi zote zilishika amana ya watu: majina yao, anwani zao za barua pepe, na nambari za vifaa vyao. Mwezi wa Septemba 2012 watu waliojiita AntiSec walitangaza hadharani nambari za utambulisho 1,000,001 za vifaa vya Apple, wakidai wamezipata katika kompyuta ya mtumishi wa idara ya upelelezi ya Marekani, FBI. Idara ilikana. Siku chache baadaye kampuni ya BlueToad ya Florida, inayotengeneza magazeti ya kusomwa katika simu, ilikiri kwamba nambari zile zilitoka katika hifadhi yake. Pamoja na nambari nyingi yalikuwamo majina ambayo watu waliyapa vifaa vyao, na watu wengi huviita vifaa kwa majina yao wenyewe. BlueToad haikuwa huduma ya majaribio. Lakini mkasa wake uliwafunza watu wote kwamba nambari iliyoonekana kuwa tarakimu tupu ni kivuli cha mtu, na anayekusanya vivuli vya watu ameshika dhamana. Apple nayo ilikuwa imekwisha anza kuwazuia watungaji kuzisoma nambari hizo ndani ya programu zao, na tangu tarehe 1 Mei, 2013, programu zilizozisoma hazikupokewa dukani.

Sasa twafika katika zama za mauzo. Mwezi wa Januari 2013 Twitter iliinunua Crashlytics. Mwezi wa Februari 2014 Apple iliinunua Burstly, na TestFlight ndani yake. Mwezi wa Desemba 2014 Microsoft iliinunua HockeyApp. Mwezi wa Januari 2017 Google ilichukua kutoka Twitter mkusanyo wa zana ulioitwa Fabric, ambao Crashlytics ilikuwa moyo wake. Katika miaka minne, huduma tatu zilizokuwa za watu wachache wenye bidii ziligeuka kuwa vyumba ndani ya majumba ya matajiri wanne. Hakuna ubaya katika kuuza. Aliyejenga kwa jasho lake ana haki ya kupata faida yake, na mara nyingi kampuni ndogo haina fedha za kubeba wateja wanaoongezeka kila siku. Lakini aliyekuwa amepanga ndani ya nyumba hakuulizwa neno siku nyumba ilipopata mwenyewe mpya.

Tazama yaliyowapata wapangaji wa TestFlight. Huduma ile ilikuwa imeanza kuhudumia simu za Android pia. Mwezi wa Machi 2014, wiki chache baada ya mauzo, upande wa Android ulifungwa. Mtungaji aliyekuwa na wajaribu wa simu za aina zote mbili katika daftari moja alijikuta na nusu ya daftari. Mwezi wa Juni 2014 Apple ilitangaza kwamba TestFlight itakuwa sehemu ya mfumo wake mwenyewe, na mwezi wa Februari 2015 huduma ya zamani ilifungwa kabisa. Wajaribu waliosajiliwa katika huduma ya zamani iliwapasa kualikwa upya. Zana ya TestFlight iliyokuwa imefumwa ndani ya programu nyingi ili kutoa ripoti iliwapasa watungaji kuifumua nyuzi kwa nyuzi.

Haki yataka tuseme pia mema yaliyopatikana. TestFlight mpya ya Apple haikuhitaji tena nambari ya kifaa: mjaribu alialikwa kwa anwani yake ya barua pepe. Ukomo wa vifaa 100 ulipisha ukomo wa wajaribu 1,000 wa nje, na leo ukomo huo ni watu 10,000, pamoja na watu 100 wa ndani ya kazi yenyewe. Toka mwaka 2018 mtungaji aliweza kutoa kiungo cha hadhara, na mtu yeyote akajiunga bila mwaliko wa jina. Aliyekumbuka kebo na herufi 40 aliona kama ameondoka gizani. Lakini neema hii ilikuwa na masharti. Toleo la kwanza linalopelekwa kwa wajaribu wa nje hukaguliwa kwanza na Apple, na kila toleo hufa lenyewe baada ya siku 90. Njia ilipanuliwa kweli, na mwenye njia akaketi kando yake akitazama wapitao.

Wako waliosema, kama ni hivyo, heri mtu ajijengee mwenyewe. Aweke faili katika seva yake, atoe kiungo kwa wajaribu wake, asimtegemee mtu. Shauri hili lina heshima yake, na kwa simu za Android lilikuwa na nguvu kubwa. Kwa iPhone lilikuwa na kasoro moja: aliyejenga nyumba yake mwenyewe alikuwa bado amejenga katika kiwanja cha mwingine. Mwezi wa Machi 2014, mfumo wa iOS 7.1 ulipotoka, simu zilikataa kupokea programu kutoka katika seva isiyo na njia ya siri iliyothibitishwa kwa cheti. Sharti lenyewe lilikuwa jema kwa usalama. Lakini viungo vilivyofanya kazi jana havikufanya kazi leo, na watungaji wengi waligundua habari hiyo kwa malalamiko ya wajaribu wao.

Ithibati kubwa kuliko zote ilitokea mwaka 2019, nayo haikumhusu mnyonge. Apple hutoa cheti cha namna nyingine, kwa ada ya dola 299 kwa mwaka, kwa kampuni inayotaka kuwagawia watumishi wake programu bila kupita dukani wala kuhesabiwa vifaa. Sharti lake ni kwamba programu hizo zisitoke nje ya kampuni. Mwishoni mwa Januari 2019 gazeti la mtandao la TechCrunch lilifichua kwamba Facebook ilikitumia cheti hicho kusambaza programu ya uchunguzi kwa watu wa nje wenye umri wa miaka 13 hadi 35, ikiwalipa hadi dola 20 kwa mwezi ili iyaone karibu yote wanayoyafanya katika simu. Wajaribu hao walipatikana kwa kupitia huduma zinazokusanya watu wa kujaribu matoleo. Tarehe 30 Januari Apple ilikibatilisha cheti. Mara programu zote za ndani za Facebook zilikufa pamoja: matoleo ya majaribio ya programu zake kubwa, na hata programu za watumishi za kutazama mabasi ya kazini na chakula cha mchana. Siku iliyofuata Google nayo ilipatwa na adhabu hiyo hiyo kwa kosa la namna hiyo, na programu zake za ndani zikazimika kwa saa kadhaa kabla ya kurejeshewa ruhusa.

Katika mkasa huu mna mafunzo mawili, nayo yasichanganywe. La kwanza ni la uadilifu: jina la majaribio lilitumiwa kufunika jambo lisilo jaribio, na mtoto wa miaka 13 aliitwa mjaribu hali alikuwa ndiye anayejaribiwa. Kwa hilo adhabu ilistahili. La pili ni la mamlaka: kampuni mbili kubwa mno duniani zilinyamazishwa ndani ya kazi zao wenyewe kwa kufutwa cheti kimoja. Kama tembo alitikiswa hivyo, paa na ajihesabie.

Mwaka huo huo wa 2019, tarehe 16 Novemba, HockeyApp ilifungwa. Microsoft ilikuwa imekwisha jenga huduma nyingine pana zaidi, Visual Studio App Center, iliyozinduliwa rasmi Novemba 2017, na wateja wa Stuttgart waliombwa kuhamia huko. Wengi walihamia. Mwaka 2020 Google nayo ilifunga Fabric na kuwaelekeza watu katika Firebase, ambayo ilikuwa imeinunua tangu mwaka 2014, na ambamo huduma ya App Distribution ilitangazwa mwezi wa Septemba 2019. Wengi walihamia tena. Kisha mwezi wa Machi 2024 Microsoft ilitangaza kwamba App Center itastaafishwa, na tarehe 31 Machi, 2025, ikastaafishwa, isipokuwa sehemu zake za takwimu na ripoti za makosa zilizoongezewa muda. Mtungaji aliyeanza na HockeyApp katika ujana wake na kufuata kila agizo la kuhama kwa utiifu, alikuwa sasa amesimama njiani na mizigo yake, akitafuta nyumba ya tatu.

Hapa ndipo turudie swali la ada. Waliochagua TestFlight kwa sababu ni bure, na waliolipa HockeyApp kwa kudhani kwamba malipo ni kinga, wote walifungiwa mlango. Bure haikuwa dhamana, na fedha haikuwa dhamana. Kilichoamua maisha ya huduma ni nafasi yake katika hesabu za mwenye nyumba: inapomfaa hudumu, inapomzidia huondolewa. Kwa hiyo anayechagua na asiulize bei tu. Na aulize: mwenye huduma hii anaishi kwa nini, na huduma hii ina kazi gani katika maisha yake? Kwa Apple, TestFlight ni mlango wa duka lake, na duka ni sehemu ya mapato yake. Mlango wa namna hiyo haufungwi kwa wepesi. Huduma iliyo pambo ndani ya jumba huondolewa siku jumba linapopakwa rangi mpya.

Duka la Google nalo lilipita njia yake. Mwezi wa Mei 2013 lilianza kuwaruhusu watungaji kutoa matoleo ya majaribio kwa vikundi teule, na baadaye likaweka daraja la majaribio ya ndani kwa watu wasiozidi 100. Hii ilikuwa hisani. Lakini mwaka 2023 hisani iligeuka faradhi. Akaunti mpya ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba, 2023, haikuruhusiwa kuingia sokoni ila iwe imekusanya wajaribu 20 kwa siku 14 mfululizo. Mwezi wa Desemba 2024 hesabu ilipunguzwa ikawa 12. Kusudi lilikuwa kuzuia programu hafifu na za udanganyifu. Sheria hii ni ya dunia nzima: inamgusa kijana wa Mwanza au Kisumu kama inavyomgusa kijana wa California, ila hazikuwagusa makampuni yaliyosajiliwa. Mwenye kampuni hupita, na mwenye kipaji peke yake hutafuta watu 12. Matokeo yake yalikuwa ya kutabirika: pakazuka watu wanaokodisha wajaribu kwa fedha, na makundi ya watungaji wanaowekeana programu bila kuzitazama, ili mradi siku zitimie. Jaribio linalofanywa kwa kuogopa sheria huhifadhi umbo la jaribio na kupoteza roho yake.

Hata uhuru wa Android wa kupokea faili kutoka popote, uliokuwa kimbilio la wengi tangu mwaka 2008, haukubaki kama ulivyokuwa. Mwezi wa Agosti 2025 Google ilitangaza kusudi lake la kutaka kila mtungaji, hata asiyetumia duka lake, ajitambulishe na kuthibitishwa, kuanzia katika nchi chache mwaka 2026 na kisha kwingineko. Hoja iliyotolewa ni ulinzi wa watu dhidi ya matapeli, nayo si hoja ya kubeza, maana wizi kwa kupitia programu za uongo umewaliza wengi. Lakini mwelekeo wa historia ni wazi: mifumo miwili iliyoanza ikiwa na sheria mbili imekuwa ikisogeleana, na anayesogea zaidi ni yule aliyekuwa huru.

Basi mtungaji wa leo achague vipi? Historia haitoi jina la huduma moja iliyo bora, kwa kuwa majina hupita. Inatoa mizani. Kwanza, ajue mpaka ambao hakuna huduma inayoweza kuuvuka. Kwa iPhone, kila njia hatimaye hupita kwa Apple: atachagua kati ya vifaa 100 vilivyosajiliwa kwa nambari bila ukaguzi, na watu 10,000 kwa kukaguliwa na ukomo wa siku 90. Mwenye wajaribu wachache anaotaka kuwapelekea matoleo mengi kwa siku huenda akapendelea njia ya kwanza. Mwenye kutaka umma huchukua ya pili. Kwa Android uwanja ni mpana zaidi, na huduma kama App Distribution ya Firebase huhudumia aina zote mbili za simu, ingawa toleo lake nalo huisha baada ya siku 150.

Pili, apime hasara ya kufungwa kabla ya kupima faida ya kufunguliwa. Orodha ya wajaribu na iwe katika daftari lake mwenyewe. Kila toleo alilolitoa na alihifadhi kwake, pamoja na msimbo uliolizaa na maelezo ya yaliyobadilika. Maneno ya wajaribu na ayanakili. Zana ya huduma na isifumwe ndani ya programu kwa kina kiasi cha kwamba kuitoa ni kurarua nguo nzima. Akiba haiozi, na wenye akiba hii walipohama kutoka HockeyApp, na tena kutoka App Center, walipoteza siku chache. Wasiokuwa nayo walipoteza kumbukumbu ya kazi ya miaka.

Tatu, amtazame mjaribu. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone, na mjaribu ni mgeni wa namna hiyo: hutoa muda wake, simu yake, na subira yake, ili ugonjwa wa programu upate kujulikana. Huduma inayomtaka atoe zaidi ya inavyohitajika, au inayomzungusha katika kurasa saba kabla hajaliona toleo, humfukuza mganga mlangoni. Na mtungaji anayeomba nambari, jina, au ruhusa yoyote, ajue amepokea amana. Mkasa wa mwaka 2012 na ule wa mwaka 2019 yaonyesha kwamba amana hiyo huweza kuvuja kwa uzembe, na huweza kusalitiwa kwa makusudi.

Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Methali hii haitukatazi kukaa na ndugu wala kula chakula chake; yatuonya tusisahau shamba letu. Watungaji wa programu hawawezi kuishi nje ya majumba ya Apple na Google, kama vile nahodha hawezi kusafiri nje ya bahari. Lakini nahodha mwenye busara huijua bahari si yake, hujua misimu yake, na huweka mtumbwi wa akiba. Huduma ya majaribio ichaguliwe kwa moyo huo: itumiwe kwa shukrani ikiwapo, na siku itakapoondoka, fundi awe bado na kazi yake, kumbukumbu yake, na watu wake.